Aliyekataa Maji

Maiti ya Hallkel ilikuwa imelazwa juu ya jiwe bapa kando ya dimbwi la maji ya moto, na mvuke ulipita juu yake ukielekea mtoni. Finnvard alishuka farasini, akafunga hatamu kwenye nguzo ya uzio, akasimama hatua kumi mbali nayo. Kwanza alitazama ardhi. Matope ya kijia yalikuwa yamevurugwa na nyayo za watu wanne au watano.

"Mmeshaharibu," alisema.

"Ulitaka turuke kama panzi?" Bersi, jirani wa ng'ambo ya mto, alikuwa amekaa juu ya tandiko lake akitafuna samaki mkavu. Alikuwa mtu mnene, mwenye maneno mengi, lakini ushahidi wake haukuwahi kutenguliwa barazani hata siku moja. "Vijana wa kazi wa hapa wameshuka milimani asubuhi na kondoo, wamekuta bibi yao anamvuta mzee kutoka majini. Wakanikimbilia mimi, mimi nikamtuma mmoja kwa chifu. Na chifu, kama kawaida yake, amekuleta wewe."

Chifu Oddleif alikuwa na watu wengi wa kupigana, ila wa kuuliza maswali alikuwa na mmoja tu. Kila kifo kilichokosa mwenyewe bondeni humo, Finnvard ndiye aliyetumwa. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, sheria yote ilikuwa kichwani mwake, kwa kuwa nchi nzima hapakuwa na mahali pengine ilipohifadhiwa, na alikuwa na tabia ya kunyamaza mpaka mwenzake aone aibu na kusema.

Hii ilikuwa vuli ya tatu tangu Baraza Kuu la Aisilandi liamue kwamba watu wote wabatizwe. Bondeni kila mtu alikwisha kuingia majini, wengine kwa imani, wengine ili mambo yaishe. Hallkel wa Reykjatunga peke yake alikataa. Chifu alimvumilia kwa sababu ya umri wake na ukali wa ulimi wake. Sasa alikuwa hapa, amekufa kando ya maji, amevaa kanzu nyeupe ya ubatizo.

Steinvor, mke wa marehemu, alisimama upande wa pili wa dimbwi. Alikuwa mama mfupi, wa miaka hamsini na kitu, na mikono yake aliificha ndani ya shali.

"Pole, mama."

"Nimepoa, bwana Finnvard."

"Nieleze ilivyokuwa."

"Alikubali kubatizwa. Asubuhi akavaa kanzu, akatangulia. Padri hakuwa amekuja bado. Nilipomfuata nikamkuta kifudifudi majini. Aliteleza, akagonga jiwe."

Finnvard alichuchumaa. Juu ya jicho la kushoto la Hallkel palikuwa na jeraha moja tu. Aliingiza ncha ya kidole gumba, akaipitisha ukingoni taratibu. Kisha akalizunguka dimbwi zima akipapasa mawe, moja baada ya moja, mpaka yale ya chini ya maji. Yote yalikuwa ya mviringo, yamevaa utando laini.

"Bersi, njoo. Nakutaja shahidi wa jeraha hili. Unaona nini?"

Bersi alifuta mikono kwenye suruali. "Shimo."

"La umbo gani?"

"Lina pembe." Akainama zaidi. "Pembe mbili. Juu limeingia sana, chini kidogo."

"Kisogo cha shoka, kimetoka juu kikaja chini. Sasa nisaidie kumgeuza."

Walimgeuza. Finnvard alipandisha kanzu iliyoloa mpaka mabegani. Mgongo mzima ulikuwa umeiva rangi ya zambarau, na katikati ya weusi huo ilipita mistari mitano myeupe, mipana kama kiganja, iliyokingama mmoja chini ya mwingine kutoka mabegani hadi makalioni.

"Mtu akifa, damu hushuka upande wa chini," alisema Finnvard. "Huyu alilala chali saa nyingi juu ya mbao tano. Mama anasema alimkuta kifudifudi."

Bersi alimtazama Steinvor, akaacha kutafuna. Steinvor alitazama maji.

Shingoni mwa marehemu palikuwa na alama nyembamba iliyozunguka, nyeupe kuliko ngozi iliyopigwa na upepo.

"Hirizi yake iko wapi, mama? Ile nyundo ya Thor, mungu wa kale."

"Hilo sijui," alisema, na kwa mara ya kwanza Finnvard alimwamini.

Walipokuwa wakipanda kuelekea nyumbani, Bersi alimvuta mkono. "Sikiliza. Mke wangu alimkuta anashona hiyo kanzu tangu juma lililopita. Mwanamke anamshonea mume nguo ambayo mume ameapa hatoivaa. Halafu mume anakutwa nayo mwilini, amepigwa shoka. Na nyumbani alikuwa peke yake, wanaume wote milimani. Hapo kuna la kutafuta kweli?"

"Huenda halipo."

"Sasa kwa nini tunapanda mlima?"

Finnvard alimwashiria Steinvor, aliyekuwa nyuma yao, awafuate. Aliingia ghalani. Nyasi za majira ya baridi zilijaa mpaka darini, na kila kitu humo kilikuwa na vumbi isipokuwa machela ya kukokotea nyasi, iliyosimamishwa ukutani. Ilikuwa miti miwili mirefu ya kufungwa kwa farasi, na kati yake vipande vya mbao vilivyopigiliwa kwa kukingama. Bersi alivihesabu kwa sauti, akafika vitano. Mbao zilikuwa zimesuguliwa, kamba bado mbichi kwa maji.

"Nani kaosha machela, mama?"

"Mimi."

"Nyasi zilishaingia ghalani mwezi mzima uliopita."

"Ilikuwa chafu."

"Kwa nini?"

Steinvor aligeuzia macho mlangoni. Finnvard akamwonyesha kapu lililoning'inia kwenye ndoano juu ya mlango. "Nishushie lile, tafadhali."

Mama aliangalia huku na huku, akavuta kigoda, akapanda, na bado ilimbidi asimame kwa vidole vya miguu.

"Basi, liache. Shuka." Finnvard alimgeukia Bersi. "Hallkel alikuwa mrefu kuliko mimi. Aliyempiga alisimama naye uso kwa uso na shoka likatoka juu. Mama huyu angempiga kifuani."

"Na akipanda kigoda?"

"Hallkel angemngoja apande?"

Bersi alifikiri, akacheka kidogo, akajizuia kwa sababu ya mjane.

"Jambo jingine," alisema Finnvard. "Mkono wa kushoto wa kanzu ni mfupi kuliko wa kulia. Hallkel alivunjika mkono zamani, ukaungana vibaya. Mshonaji hapati kipimo hicho kwa kukumbuka. Mtu alisimama, akanyoosha mikono, akapimwa. Kwa hiyo alikubali kweli. Katika yote uliyoniambia, mama, hilo ndilo la kweli. Niambie na mengine."

Steinvor alikaa juu ya kigoda. Alitoa mikono kwenye shali, na vidole vyake vilikuwa na vitundu vya sindano.

"Jana baada ya chakula cha mchana alikwenda zizini kutengeneza lango," alisema. "Jua likaanza kushuka, hajarudi. Nikaenda. Nilimkuta amelala chali, amefunikwa."

"Amefunikwa na nini?"

"Joho lake mwenyewe. Na mawe manne, moja kila pembe, upepo usilichukue."

Finnvard alimtazama Bersi kwa namna iliyomfanya Bersi afunge mdomo.

"Endelea."

"Nikamfuata farasi na machela. Nikamleta hapa. Alikuwa aingie majini kesho, Alhamisi. Padri ananiambia siku zote, asiyeingia majini halali uwanja wa kanisa. Na binti yetu Asny yuko kule tangu majira ya kuchipua. Miaka kumi na tisa, bwana, homa ya siku tatu tu. Yeye alikuwa amebatizwa. Baba yake alikwenda kukaa kaburini kila siku kondoo walipotoka, akirudi hasemi. Mwishoni akaniambia, 'Steinvor, sitaki mtoto alale peke yake na wageni.' Hiyo ndiyo imani yake yote. Nyingine hakuwa nayo." Akajifuta pua kwa shali. "Nilimalizia pindo, nikamvalisha. Kulipokucha nikampeleka. Nikamtia majini mara tatu, nikasema yale maneno kama padri anavyoyasema."

"Na aliyemwua mume wako? Hukutaka ajulikane?"

"Kisasi kingeweza kungoja. Maji hayakuweza."

Zizi lilikuwa mwendo mfupi nyuma ya nyumba, la mawe makavu yaliyopangwa, na lango lake jipya lilikuwa limeegemezwa bila kufungwa. Hapa, ukiacha kwato za farasi na nyayo ndogo za Steinvor pembeni, matope hayakuvurugwa. Alama za jozi mbili za viatu vikubwa vya ngozi zilitazamana, karibu kiasi cha watu kupeana mikono. Hakuna aliyerudi nyuma. Hakuna aliyekimbia. Mawe manne bado yalikuwa nyasini, kila moja mahali pake.

"Joho na mawe," alisema Finnvard. "Kwa nini muuaji ajisumbue?"

"Sheria," alisema Bersi. "Ukiua, mfunike uliyemwua, ndege na wanyama wasimle."

"Na baada ya kufunika?"

"Unakwenda nyumba ya kwanza unatangaza. Mimi fulani nimemwua fulani, mahali fulani, leo. Usipotangaza, hayo ni mauaji ya siri, na..." Bersi alinyamaza. "Kumbe. Mtu wa kufunika hivi ni mtu wa kutangaza."

"Lakini hakuna aliyetangaza."

"Nyumba ya kwanza ni ya Hallkel mwenyewe."

"Nyumba ya ndugu wa marehemu unairuka, wasije wakakukata papo hapo. Unakwenda inayofuata. Kwako ni ng'ambo ya mto. Umesikia chochote jana?"

"Nilisikia mke wangu tu, na hiyo ni kila siku."

Finnvard alisimama langoni, akageuka polepole. Kutoka pale kijia kilipanda kuelekea korongo la Hamarsel. Katikati ya njia, kabla ya korongo, palikuwa na kanisa jipya la mbao lisilozidi ukubwa wa banda la ng'ombe, na ubavuni mwake nyumba ya udongo ya padri Gerlak, Msaksoni kutoka ng'ambo ya bahari. Juu kabisa, mwisho wa kijia, moshi mmoja ulipanda.

"Nani bondeni ni mrefu kama Hallkel?"

"Watu wawili. Mmoja amepooza." Bersi alifuata macho ya mwenzake mpaka kwenye moshi. "Ah, hapana, Finnvard. Skorri? Hao wamechanjiana damu. Miaka arobaini! Wamekula sahani moja, wamevaa koti moja wakipokezana. Hata kwenye harusi ya Hallkel, Skorri ndiye aliyelia."

"Ndiyo maana amemfunika vizuri," alisema Finnvard, akaenda kuwafuata farasi.

Skorri wa Hamarsel alikuwa amekaa kizingitini mwa nyumba yake mchana kweupe, amevaa nguo zake nzuri, ndevu zimechanwa. Shoka lilikuwa limeegemea ukuta, mbali na mkono wake. Lilikuwa limepanguswa. Shingoni alikuwa na hirizi mbili za nyundo, moja ya fedha, moja ya chuma.

"Mmechelewa," alisema. "Nimevaa hivi tangu jana. Nikaanza kudhani kwamba Oddleif hana tena watu wa kuita mashitaka."

"Shikamoo, mzee Skorri."

"Shikamoo yako iweke. Niite barazani, niende zangu ndani nikale."

"Nikuite kwa kosa gani?"

Mzee alimkazia macho. "Wewe ulijifunzia sheria wapi? Nimemwua Hallkel. Zizini kwake, jana, jua likiwa limepita kichwani. Nilimfunika. Nilitangaza. Unataka na wimbo?"

"Reykjatunga hawajui nani amemwua," alisema Finnvard. "Bersi hajui. Chifu hajui. Mpaka dakika hii, mzee, hayo yanaitwa mauaji ya siri."

Skorri alisimama. Bersi alisogea nyuma ya farasi wake. Lakini mzee hakugusa shoka. Uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyetemewa mate na mtoto.

"Siri? Mimi niue kwa siri? Nilikwenda nyumba ya kwanza isiyo ya ndugu zake, nikasema jina langu na la baba yangu, nikasema jina lake, nikasema mahali!"

"Kwa nani?"

"Yule wa kanisani. Nyumba ni nyumba. Sheria haisemi mwenye nyumba awe na akili."

"Akasemaje?"

"Aliniomba nipige magoti. Nikapiga, ni kwake pale, labda ndizo adabu za kwao. Akaninong'onezea maneno, akaniambia nile mkate mkavu na maji siku arobaini. Nikamwambia mkate sina, nina samaki. Akasema samaki anafaa."

Bersi aligeuza uso akakohoa sana.

"Kwa nini ulimwua?" Finnvard aliuliza.

Skorri alishika zile hirizi mbili, akazifunga ndani ya kiganja. "Kila vuli namsaidia lango. Jana nimefika, akavua hii, akanitia mkononi. Akasema Alhamisi naingia majini, nitalala kanisani kwa Asny. Tulikula kiapo tukiwa na miaka kumi na saba. Kilima kimoja cha kaburi, farasi mmoja, kinywaji kimoja kati yetu. Nikamwuliza, na mimi nitalala na nani? Akafungua mdomo aseme kitu. Sikungoja."

"Aseme nini?"

"Nimekwambia sikungoja."

Finnvard alilitazama shoka ukutani. Kisha akamwambia Bersi ashuke Reykjatunga amlete Steinvor kwenye nyumba ya padri, kwa sababu kesi ni yake na ni lazima amkabidhi mtu kwa kushikana mikono. Yeye na Skorri walishuka pamoja kwa miguu, Finnvard akimwongoza farasi wake kwa hatamu. Skorri aliliacha shoka ukutani bila kuambiwa.

Padri Gerlak alikuwa kijana mwembamba, mwenye mafua yasiyoisha. Alipomwona Skorri mlangoni alisimama upesi hata kigoda kikaanguka.

"Padri," alisema Finnvard, "jana mtu huyu alikuja hapa akakuambia neno. Nataka ulirudie."

"Hapana. Mimi siwezi."

"Mwenyewe anataka ulirudie."

"Maneno ile si ya yeye tena, si ya mimi. Alisema chini ya msalaba. Ni maungamo. Nikisema nje, roho yangu imekwisha."

"Maungamo!" alisema Skorri. "Nilikuwa natangaza, wewe mtu! Nilipaza sauti!"

"Ndiyo. Mimi nilikuambia sema polepole, Mungu anasikia."

Finnvard aliinua kigoda kilichoanguka, akakaa. Alieleza bila haraka, kama anavyoeleza mtu bei ya siagi. Tangazo lisipokuwa na shahidi aliyelisikia, si tangazo. Skorri angehukumiwa kwa mauaji ya siri. Asingelishwa na mtu, asingelala chini ya paa la mtu, hakuna nahodha ambaye angemvusha bahari, na yeyote ambaye angemkuta angeweza kumwua kama mbweha na asidaiwe. Lakini tangazo likiwa na shahidi, yalikuwa mauaji ya wazi, na mauaji ya wazi yana suluhu: miaka mitatu ng'ambo, fidia kwa mjane, kisha arudi.

"Kwa hiyo kimya chako ndicho kitakachomwua," alimaliza.

Gerlak alikuwa amepauka. Alitazama msalaba ukutani, akatazama mikono yake. "Najua," alisema. "Usiku wote nimejua. Hata hivyo siwezi."

Mlango ulifunguliwa. Bersi aliingia akihema, nyuma yake Steinvor, amebana kifurushi chini ya shali. Alimwona Skorri. Alizitazama zile hirizi mbili, akasimama palepale. Finnvard alimpa mkono, akamwuliza kama anamkabidhi kesi. Steinvor alishika mkono ule bila kuondoa macho kwa Skorri.

Finnvard akamgeukia padri tena.

"Asiyebatizwa anaweza kuungama?"

"Hapana. Kwanza maji. Bila maji hakuna sakramenti nyingine. Lakini mzee Skorri amebatizwa Yorvik, kule Uingereza. Watu wote wanasema. Ndiyo maana mimi sikumtia majini hapa."

"Mzee Skorri," alisema Finnvard. "Huko Yorvik, maji yalikufika wapi?"

Skorri alizifunga tena hirizi ndani ya kiganja. Bersi, ambaye hakuwa mjinga, aliacha kuhema. Miaka mitatu mzee huyu aliachwa kwa amani kwa sababu ya neno moja hilo, Yorvik. Kulikana neno hilo kungekuwa kukiri kosa jingine mbele ya mashahidi, na kwa mtu kama yeye kosa la uongo lilikuwa zito kuliko la damu.

"Hayakunifika," alisema hatimaye.

"Ulisema umebatizwa!" Gerlak alipaza sauti.

"Nilisema nimetiwa alama. Wanunuzi wa pale hawakutaka ngozi za mtu asiye na alama. Padri wao akanichora msalaba hapa, kwa kidole." Aligusa paji la uso. "Kidole kikavu. Hata mate hakutumia. Niliporudi mkauliza, nikasema alama ninayo, mkasikia mlichotaka, nami nikawaacha. Ule ulikuwa uongo. Mnaweza kuutaja."

Padri Gerlak alikaa chini sakafuni, juu ya majani makavu. Alivuta pumzi, akafumba macho, na alipoanza kusema, lugha yake mbovu ilinyooka yote, kwa kuwa maneno hayakuwa yake na alikuwa ameyarudia usiku kucha. "'Mimi Skorri mwana wa Ulf nimemwua Hallkel mwana wa Thord kwa shoka, zizini kwake Reykjatunga, leo, jua likiwa limepita kichwani. Nimemfunika. Sifichi mkono wangu.' Hivyo ndivyo alivyosema. Nilisikia mimi."

"Shahidi amesema," alisema Finnvard. "Bersi?"

"Nimesikia."

Hapo ndipo Steinvor alipofungua shali. Alitoa kile kifurushi, akakikunjua. Ilikuwa kanzu nyeupe, kubwa, mikono yote miwili sawa.

"Shika," alimwambia Skorri. "Ni yako."

"Yangu?"

"Alijua ukweli wa Yorvik, akataka Alhamisi muingie pamoja. Alisema Skorri hakubali maji baridi ya mto, atatutukana mpaka malaika wakimbie, ndiyo maana akamwomba padri atumie dimbwi letu la moto. Alitaka padri awawekee sehemu mbili, upande wa kulia wa Asny. Hakutaka kulala bila wewe. Jana alikuwa akwambie."

"Kipimo mlipata wapi?"

"Koti mlilokuwa mkipokezana."

Skorri aliipokea kanzu kwa ncha za vidole, akaiweka kifuani pake. Ilimfika vizuri mabegani. Alijaribu kuikunja, hakujua inakunjwaje, akaiviringisha na kuibana kwapani.

"Padri," alisema Steinvor, "mume wangu nilimtia majini akiwa amekufa. Mwenye kosa ni mimi. Sasa atalala wapi?"

"Atalala kwa binti yake."

"Lakini si ulisema asiyeingia majini..."

"Jumapili alikuja hapa. Kwa mdomo wake aliomba maji. Mtu ameomba, amekufa kabla kupata, Mungu anamhesabu amepata. Ungeniuliza tu, mama. Mimi lugha yenu nasema vibaya."

Steinvor alimtazama kijana yule mwenye mafua, akaziba mdomo kwa kiganja, akalia.

Finnvard alitoka nje. Jua lilikuwa bado juu ya ukingo wa mlima. Aliwapanga mashahidi wake wawili, Bersi na padri, ukutani mwa kanisa, akamsimamisha Skorri mbele yao, akatamka wito kwa sauti ile moja ya barazani, isiyopanda wala kushuka.

"Mimi Finnvard mwana wa Bard, kwa niaba ya Steinvor, nakushitaki wewe Skorri mwana wa Ulf, kwamba ulimpiga Hallkel mwana wa Thord jeraha la kichwa, nalo likawa jeraha la kifo. Nakuita kwenye baraza la bonde, majira ya kuchipua, mbele ya mashahidi Bersi mwana wa Odd na Gerlak padri. Nimekuita kwa haki."

Bersi aliinua kichwa. Alifungua mdomo, akamtazama Finnvard, akaufunga. Padri hakuelewa kitu. Finnvard alikuwa ameshaanza kufungua hatamu za farasi wake.

"Hujataja mahali," alisema Skorri.

"Nini?"

"Mahali pa tendo. Zizini, Reykjatunga. Wito usio na mahali hauna kesi. Mtu yeyote atasimama barazani auangushe, nami nitatembea bondeni humu mpaka nife." Aliibana ile kanzu vizuri zaidi kwapani. "Anza upya."

Finnvard aliachia hatamu. Alirudi alipokuwa amesimama, akaanza upya tangu jina lake mwenyewe, na Skorri alimfuatisha kwa midomo, neno kwa neno, hadi mwisho.